Bao la Nyota na Uongo wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba zenye milango na milango yenye komeo, palikuwa na kidimbwi kimoja tu ambacho hakikukauka kiangazi. Na kila kiangazi, watoto wangu, wanyama waliyagombania maji yake mpaka damu ikamwagika.

Basi Nguchiro, mama wa watoto wanne, mwembamba, mwepesi, akatunga mchezo. Akachonga mashimo kumi na mawili juu ya jiwe bapa, akawaita wenzake.

"Kila shimo ni nyota," akasema. "Kila kete ni chombo cha angani. Atakayeshika nyota nyingi ndiye atakayetawala maji mpaka mvua inyeshe. Msiumane tena!"

Wakashangilia. Lakini wapi! Kila mmoja alicheza na kete alizoweza kubeba. Kiboko alikuja kinywa kimejaa, akakifungua, poromoo! Kete themanini. Faru alikuja na sitini. Nguchiro alikuja na saba. Mwaka nenda mwaka rudi, mshindi Kiboko. Na akishinda, anaoga humo humo, anacheua humo humo, na wadogo wanabaki kulamba tope.

Siku moja mtoto wa mwisho wa Nguchiro alirudi kutoka kidimbwini analia, ulimi umejaa matope. Nguchiro akautupa mwiko chini. Pa!

"Nimechoka! Mchezo nimeutunga mimi, na kiu nakufa mimi!"

Pimbi, shoga yake wa nyumba ya pili, alikuwa kibarazani anachambua mchicha. "Shoga, tia majasusi," akasema. "Vita bila majasusi ni kuhesabu tu, na wa kuhesabu hapo si wewe."

Nguchiro akalikubali neno. Akafunika kila nyota kwa jani, ili kete zisionekane. Akampa kila mchezaji kete moja nyeusi, akaiita jasusi. Jasusi akiwekwa juu ya jani, mwenye nyota hutaja kete zilizomo, na ni lazima aseme kweli.

Wakamwita Faru aujaribu mchezo, maana yeye alikuwa na donge la kushindwa kila mwaka. Faru akaketi juu ya kigoda cha Nguchiro. Kraa! Kigoda kikawa kuni.

"Samahani, mama. Tucheze."

Wakacheza. Faru akatuma jasusi, akaambiwa kweli. Akatuma tena, akaambiwa kweli. Akajua kila kitu, akashinda kabla uji haujachemka.

"Mtamu!" akasema Faru. "Hata zamani haukuwa rahisi hivi!"

Nguchiro akajishika kichwa. "Lo! Nimetaka kumfunga mwenye nguvu, nimempa macho ya ziada!"

Kesho yake akabadilisha. Sasa jasusi akienda, mwenye nyota hurusha kwa siri simbi, gamba dogo la pwani. Ikilala chali, habari ni ya kweli. Ikilala kifudifudi, ni ya uongo. Wakacheza. Jasusi akamwambia Faru nyota ya Pimbi ni tupu. Faru akaivamia. Kumbe imejaa!

"Nani kanidanganya?" Faru akanguruma. "Wewe Pimbi?"

"Mimi? Simbi hiyo!"

"Simbi? Mimi nimpige nani pembe hapa? Simbi?" Akalipiga jiwe teke, kete zote zikaruka, tawanyii! Tangu hapo hakumsikiliza jasusi hata mara moja. Alifunga masikio akacheza kwa nguvu zake tu, akashinda tena.

Nguchiro akatambaa chini ya vitanda na mitungi kutafuta kete, huku anasonya. Pimbi naye anamfuata nyuma.

"Shoga, na je, jasusi akimpenda adui?"

"Pimbi."

"Na je, majasusi wawili wakikutana njiani wasalimiane?"

"Pimbi! Nitakutoa hapa kwa ufagio!"

Akatoka nje, akaketi peke yake juani, akafikiri. Jasusi wa kweli tupu ni zawadi kwa mwenye nguvu. Jasusi wa kubahatisha hana anayemsikiliza. Uongo lazima uwe na mwenyewe, wa kulaumiwa na kusifiwa. Na anayedanganywa lazima awe na njia ya kuujua ukweli, ila njia hiyo imgharimu kidogo. Akitaka, alipe. Asipotaka, shauri yake.

"Pimbi!" akaita. "Njoo, shoga, nimekasirika vizuri leo!"

Siku ya mashindano ikafika. Nguchiro akapanda juu ya jiwe, akasema, "Sikilizeni! Kila mtu afunike kikapu chake na nyota zake. Ukimtuma jasusi wako kwa mwenzio, unamnong'oneza habari. Kweli au uongo, hiari yako. Mwenzio akitaka hakika, afunue jani lolote aone mwenyewe, lakini atapoteza zamu. Nyota isiyo na kete haina mwenyewe. Kete zikikutana, moja humaliza moja. Mizunguko mitatu, basi."

Kiboko akacheka, maji yakamtoka puani. "Sawa, sawa! Na wewe mama una kete ngapi mwaka huu?"

Hapo Pimbi akatokea anaburuta kikapu kikubwa kuliko yeye, hii! hii! jasho linamchuruzika. Ndani mlikuwa na makapi ya mtama na kete saba. Kiboko akakitazama, akaacha kucheka.

Mzunguko wa kwanza, kila mmoja akapanga vyombo vyake. Faru nyota tano, Kiboko nyota tano, Nguchiro moja. Katikati ikabaki Kilimia, nyota kama nyingine, ila jina lake linapendeza, na kila mkubwa alitamani kuitwa Mfalme wa Kilimia.

Mzunguko wa pili ulipoanza, Nguchiro akamtuma jasusi wake kwa Faru, akanong'ona, "Bwana, Kiboko anaiendea Kilimia na vyombo thelathini tu."

Kisha akampeleka jasusi kwa Kiboko. "Bwana, Faru anaiendea Kilimia na vyombo ishirini. Mwenyewe nimesikia."

Pimbi akapaza sauti, kwa haki kabisa, "Waheshimiwa, mnaruhusiwa kufunua majani!"

"Mimi?" akafoka Faru. "Nifunue majani kama kuku anayetafuta mchwa? Vyombo vyote, Kilimia!"

"Na vyangu vyote!" akanguruma Kiboko.

Gubu! Gubu! Kete zikamalizana moja kwa moja. Faru akabaki mikono mitupu. Kiboko akabaki na ishirini, zote juu ya Kilimia, na nyuma yake nyota zote tupu.

Zamu ya Nguchiro. Akapitisha mkono chini ya majani, taratibu, jani hili, jani lile. Akasafisha koo.

Mzunguko wa mwisho. Faru hana kitu. Kiboko anahema, macho mekundu.

"Umenidanganya, wewe!"

"Nimekudanganya, bwana, sheria inaruhusu," Nguchiro akasema. "Sasa nakwambia kweli. Nimeshika nyota saba, na kila moja ina kete moja tu. Tawanya ishirini zako, utanimaliza."

Kiboko akamtazama. Akakitazama kikapu. Akayatazama majani.

"Unanivuta mtegoni! Nikizitawanya tu, unanimeza!"

"Wallahi ni moja moja. Ukiwa na shaka, funua jani."

"Nipoteze zamu yangu ya mwisho kwa maneno yako? Thubutu! Nakaa hapa hapa, Kilimia!"

Nguchiro naye akapitisha zamu yake, na mchezo ukaisha. Pimbi akafunua majani. Kete moja. Moja. Moja. Saba, moja moja, kama alivyosema.

Faru akaangua kicheko mpaka akagaagaa. Kiboko akaketi chini, tii!

"Lakini... umesema kweli!"

"Nimesema kweli, na kooni nimekauka kwa kuisema," akajibu Nguchiro. "Wanangu! Leteni mitungi!"

Mwaka ule wadogo wakanywa kwanza, maji meupe, na Kiboko akasubiri zamu yake kama wengine.

Asiyetaka kufunua jani, uongo humdanganya na ukweli humdanganya vilevile.