Betri ya Mpima Ardhi

Kipimo nacho hupimwa. Mmelisikia neno hilo asubuhi kwa fundi simu, mkacheka, mkaja kuniuliza limetoka wapi kwa kuwa mnajua nimetembea. Wapo watakaowaambia ni la zamani sana, la wanunuzi wa pamba na mizani zao. Waacheni. Mimi nililikuta likizaliwa. Lilianza hivi, gari likiwa limeshatoka mjini na kuiacha lami nyuma.

Ndani ya gari tulikuwa watatu. Mbele alikaa Nakembetwa, binti wa Kipare, mpima ardhi, na laptopu yake mapajani. Aliyeendesha ni Msengi, Mnyiramba wa huko huko tulikokwenda. Tukifika, yeye ndiye hugeuka mshika fimbo ya kupimia. Nyuma nilikaa mimi na masufuria, maana kazi yangu msimu ule ilikuwa kuwapikia.

Tulikuwa tunakwenda Ilunda, kwenye kikao cha mpaka. Ilunda na Mkalanga ni vijiji viwili vilivyogombania mpaka hadi vijana wakavunjana mikono. Katikati yao palikuwa na kipande cha ardhi kilichokatazwa kulimwa hata mpaka ujulikane. Ndani ya kipande hicho mlikuwa na shamba la mjane mmoja, Mama Nyamwelu. Misimu miwili alikuwa amelitazama likiota magugu. Sasa mawingu yalishaanza kukusanyika. Kikao hiki kikivunjika, mvua zingeanza, mbuga ya njiani ingejaa maji, wapima wasingerudi kabla ya kiangazi, na yule mama angekosa msimu wa tatu. Alishasema wa tatu hatausubiri. Angemfuata mwanawe Dodoma, akakae chumba cha kupanga, akaange maandazi, na shamba lirudi kuwa pori.

Ramani za karatasi zilikuwa zimeshachanwa. Kila kijiji kililaumu karatasi ya mwenzake kuwa imechorwa mezani. Safari hii wazee walitaka kuiona kwa macho yao ile picha iliyopigwa kutoka juu, yenye miti yao na mapaa yao, na mstari uliopimwa ukiwa umepita juu yake. Picha hiyo ilikuwa ndani ya laptopu, na laptopu ndiyo tuliyoibeba kama yai.

Tulipofika kwenye vumbi, kijisanduku cha njano kikajitokeza kwenye kioo cha laptopu. Nakembetwa akakisoma, kikiwa cha Kizungu, akatufasiria. Kilisema betri imechakaa, uhai wake umebaki kidogo mno, ibadilishwe sasa.

Msengi akauliza nani anasema hivyo. Akaambiwa ni programu aliyoiweka fundi mmoja wa mjini siku alipoisafisha ile mashine.

"Na fundi huyo anauza nini?"

"Betri," alisema Nakembetwa.

"Basi tuendelee, bosi. Muuza sanda hajawahi kukuambia umenenepa."

Tulicheka. Nakembetwa hakucheka sana. Akatuonyesha pembeni mwa kioo alama nyingine, ya laptopu yenyewe, iliyosema betri imejaa na saa zake ni nyingi, zaidi ya kikao chochote cha kijiji. Kwa hiyo tulikuwa na mashahidi wawili juu ya mgonjwa mmoja. Wa kwanza alisema yu mahututi. Wa pili alisema yuko uwanjani anacheza mpira. Bado tulikuwa karibu na mjini, tungeweza kugeuza. Nakembetwa akafikiri kidogo, akaifunga laptopu, akasema twende. Alimwamini shahidi aliyempendeza. Na sisi vilevile.

Kwenye mbuga gari likakataa. Mizigo tukaipandisha juu ya punda tuliokodishiwa na kijiji, tukavuka kwa miguu. Jenereta hatukuwa nalo. Lilikuwa kwa wenzetu upande mwingine wa wilaya. Pale Ilunda umeme ulikuwa mmoja tu, paneli ya jua ya mwenye duka, ya kuchaji simu. Msengi aliijaribu kwa laptopu. Kile kikasha cha paneli kililia mara moja kikanyamaza, na mwenye duka akatuomba kwa heshima tusimharibie riziki.

Asubuhi, kabla ya kikao, wazee wa vijiji vyote viwili walikuja shuleni kututazama. Nyuma ya shule mna bikoni mbili za zamani, zege la serikali, na umbali kati yake unajulikana tangu zilipofukiwa. Wapima wana desturi yao, na Nakembetwa hakuiacha hata siku moja: haanzi kazi kabla hajaisimamisha mashine yake ya kupimia juu ya bikoni ya kwanza, kisha juu ya ile ya pili, aone kama jibu inalotoa ni lile lile analolijua. Awe amelala mahali au amefika sasa hivi, iwe mashine mpya au kuukuu, ni lazima.

Mwenyekiti wa Mkalanga, Mzee Kitundu, alikuwa mtu wa mdomo. Akauliza kwa nini tunapoteza asubuhi kuzungukia mawe ambayo hakuna anayeyagombania.

"Mzee wangu, kipimo nacho hupimwa," akasema Nakembetwa. "Hii mashine haiwezi kujitolea ushahidi yenyewe. Inipe kwanza jibu ninalolijua, ndipo nitaiamini kwa nisilolijua."

Wazee wakalipenda jibu lile. Wakatikisa vichwa, wengine wakalirudia midomoni. Mzee Kitundu akaona sifa zinakwenda kwa mgeni, naye hakuzoea hivyo.

"Vizuri, binti. Na hicho kisanduku chenye picha, unachokipakata kama mtoto wa kuzaliwa jana, nacho umekipima?"

Watu wakaangua kicheko. Nakembetwa akacheka nao, kisha nikaona kicheko kinamwishia taratibu. Mzee alisema kwa kuchokoza tu, hakujua chochote cha betri. Lakini yule binti alikuwa amepima kila kitu alichokuja nacho, hata kamba za kufungia mizigo alizikagua, isipokuwa kile kitu kimoja. Alikisikiliza kinavyojisifu, akaridhika.

Akanifuata jikoni, yaani nyuma ya darasa nilipoweka mafiga, akaiweka laptopu juu ya gunia la unga. Msengi naye akaja. Shida ikawa hii: kuipima betri ni kuiwasha, na kuiwasha ni kuila.

"Ukiipima unaimaliza," alisema Msengi.

"Nisipoipima itaisha mbele ya watu."

Akaniuliza maji ya ugali yataanza kuchemka lini. Nikamwambia ndiyo kwanza nimeyateleka. Basi akaiwasha, akafungua ile picha, akasema tutaitazama hata maji yachemke, si zaidi. Tukakaa watatu kuizunguka. Namba ya chaji ilishuka moja moja, kwa adabu, kama bibi anayeteremka ngazi. Halafu maji yalipoanza kuimba ikaanguka. Haikupita katikati, ilikuwa juu, ikawa chini kwa kipande kikubwa, kisha ikaendelea na adabu yake kana kwamba hakuna lililotokea. Nakembetwa akaizima upesi.

"Kumbe fundi alisema kweli," nikasema.

"Hapana. Ya fundi ingekuwa kweli, ingekuwa imeshazimika. Na hii ya ndani ingekuwa kweli, isingeruka. Wote wawili wanakisia. Yule anatutisha, huyu anatubembeleza."

Akatueleza kwa nini. Laptopu ile ilikaa ofisini miezi na miezi ikiwa kwenye waya wa umeme. Haikupata kuishiwa hata mara moja. Mtu anayekula mchana kutwa bila kusikia njaa atajuaje tumbo lake linabeba kiasi gani? Betri kweli ilichakaa, kila betri huchakaa, lakini ilibaki na nguvu kiasi gani, hakuna aliyejua: si fundi, si laptopu, si yeye.

Kisha akaniomba majivu. Akataka yote niliyokuwa nayo, na ya jirani kama yapo.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya watu wale, la sivyo hamtaelewa ugumu wa alichokuja kuomba. Katika mambo ya mipaka, huko kwao, jiwe la mpaka likitajwa mbele ya watu nawe ukanyamaza, umelikubali. Huwezi kurudi kesho ukasema ulikuwa unafikiri. Kwa hiyo kila jiwe linapotajwa watu huinuka pale pale na kubisha, hata wasiokuwa na hoja, ili tu ukimya usiwafunge. Kikao cha mawe machache huweza kula siku nzima. Laptopu ikikaa wazi katika ubishi huo, ingezimika bado wako kwenye jiwe la kwanza, na kila kijiji kingeondoka na picha yake kichwani.

Salamu zilipokwisha, Nakembetwa akasimama katikati ya uwanja, laptopu ikiwa bado imefungwa.

"Wazee wangu, asubuhi niliulizwa kama nimekipima hiki. Nilikuwa sijakipima. Sasa nimekipima, na sijui kitakufa lini. Naomba niyataje mawe yote kwanza, kwa mkupuo. Msengi atachora kwa majivu hapa chini kila tunachokiona kwenye kioo, na wazee wa pande zote wathibitishe kwa macho kuwa ndicho. Tukimaliza, mtabisha hadi mchoke. Lakini tukiwa tunachora, asibishe mtu."

Uwanja ukanguruma. Mzee Kitundu akainuka.

"Unatuomba tunyamaze mbele ya mawe. Unajua kunyamaza hapa ni nini?"

"Najua, mzee."

"Na tunajuaje kuwa kweli kinakufa? Labda ni ujanja wa kutufunga midomo."

Nakembetwa akasema hana namna ya kumthibitishia, maana yeye mwenyewe hajui. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikumsaidia. Vijana wa Ilunda wakaanza kusema Mkalanga wanaogopa, wa Mkalanga wakaanza kusogea, na Msengi akanitazama kama mtu anayetafuta njia ya mbugani.

Ndipo Mama Nyamwelu akasema. Alikuwa amekaa chini na wanawake, miguu ameinyoosha, wala hakuinuka.

"Jiwe la kwanza liko shambani kwangu. Si ndivyo, mwanangu?"

"Ndivyo, mama."

"Basi mimi ndiye wa kwanza kufungwa. Chora. Mimi nimenyamaza." Akamgeukia Mzee Kitundu. "Na wewe shemeji, umebisha tangu tukiwa wasichana. Pumzika kidogo."

Watu walicheka, na kicheko kile kikaichukua ile hasira. Mzee Kitundu akabaki amesimama peke yake, akakohoa, akasema basi, lakini anataka akae mbele kabisa kioo kilipo. Akapewa kiti.

Laptopu ikafunguliwa. Wazee wachache wa kila upande wakainama juu yake. Nakembetwa anataja, wazee wanaangalia kioo, wanaangalia chini, wanasema ndiyo, Msengi anamwaga majivu. Jiwe la shamba la Mama Nyamwelu. Jiwe la kichuguu. Jiwe la njia ya ng'ombe. Niliona watu wazima wamejiziba midomo kwa mikono yao wenyewe. Mzee Kitundu alikuwa anatoka jasho, maana mstari ulipopinda kuelekea kwake hakuweza kusema kitu.

Jiwe la mwisho lilikuwa la korongoni. Wazee wakalitazama, wakasema ndiyo, Msengi akafika na majivu, na kabla hajainuka vizuri kioo kikawa cheusi. Mzee Kitundu aliyekaa mbele akauliza alama ile ya pembeni ilikuwa inasema nini. Nakembetwa akamwambia ilikuwa inasema bado saa nzima na zaidi.

Mzee akakigonga kioo cheusi kwa kidole.

"Kipimo nacho hupimwa," akasema, kwa sauti ya chini, kama anayejionya.

Kisha wakabisha. Walibisha hadi jua likalala upande, wakizungukia majivu, wakirukia huku na huku, lakini walibishania mstari mmoja walioukubali wote kuwa ndio uliokuwa kwenye kioo. Mawe mawili yalikataliwa. Wakaenda na mashine ya kupimia na fimbo ya Msengi, yakathibitika, wakarudi. Jioni mpaka ulikuwa umekubaliwa.

Mama Nyamwelu alipanda alizeti na mtama mvua za kwanza. Shamba lake lilionekana liko upande wa Mkalanga, kwa hiyo michango yake ya shule ilianza kwenda kwa Mzee Kitundu, mama hakufurahi, lakini alitoa. Dodoma hakwenda. Nakembetwa alirudi mjini, akaiacha laptopu iishe kabisa, akaichaji hadi ikajaa, na baada ya hapo alama yake ikaanza kusema ukweli. Betri ilikuwa ya kati, ya mzee anayetembea kwa fimbo. Kijisanduku cha njano kiliendelea kumpigia kelele kila asubuhi, akaiondoa programu ile. Mwaka uliofuata alinunua betri nyingine, kwa kuwa alikuwa ameipima ile ya zamani na kuona haifiki tena. Baadaye alihamishiwa Same. Msengi aliacha udereva, anafuga punda. Mimi niliondoka kabla ya mavuno.

Mzee Kitundu ndiye aliyelitembeza lile neno. Aliwaambia wauza mbegu, aliwaambia wanunuzi wa alizeti na mizani zao, alimwambia hata mkwewe aliyemsifia mtoto kwa kutazama alama za mtihani peke yake. Alikufa miaka michache baadaye, na wengi hawajui kuwa alilitoa kwa binti wa Kipare. Ndilo hilo mlilolisikia asubuhi kwa fundi simu: kipimo nacho hupimwa.