Kitambaa Kisichoanuliwa

Hadithi hii ina mlango wa kuingilia. Wa kutokea mtautafuta wenyewe, kila mtu kwa akili yake.

Katika kijiji cha Irindi, kwenye mteremko wa milima ya Upare, palikuwa na watu watatu wenye vipawa.

Kajiru alikuwa na sikio. Kazi yake ilikuwa kugawa maji ya ndiva, bwawa la udongo lililojengwa zamani juu ya mashamba ili kiangazi kisiwaue watu kwa njaa. Akiinama na kuweka sikio kwenye ukuta wa ndiva, aliweza kukuonyesha mahali panya alipochimba, na palipochimbuliwa, panya alikuwepo.

Nietiwe alikuwa na jicho. Nyumba yake ilikuwa ya juu kabisa, jirani na shule, na kutoka kizingitini pake aliuona mteremko wote kama mkeka uliotandikwa. Watu walisema ukipika nyama Nietiwe anajua, si kwa harufu bali kwa rangi ya moshi. Mwenyewe hakuwahi kukanusha.

Mama Sifaeli alikuwa na sauti. Alipowaita mbuzi wake jioni, waliitika na mbuzi wa kijiji cha pili.

Palikuwa na wa nne pia, lakini huyo alikuwa amekwisha kufa. Jina lake Nakiete, fundi wa kushona sare za shule na mke wa Semvua. Kipawa chake kilikuwa kidogo na hakuna aliyekipa jina: hakupenda mtu aachwe nyuma.

Ni yeye aliyewaanzishia wazazi utaratibu wa vitambaa. Irindi nyumba ziko mbalimbali, na mtandao wa simu huja na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Kila shule ilipokuwa na jambo, kikao, mtihani au michezo, wazazi wengine walipata habari siku ya pili yake. Basi Nakiete akagawa vipande vya nguo vilivyobaki kwenye cherehani yake, akasema: "Aliyepata habari ya shule atundike kitambaa kwenye kamba. Akimwona jirani yake wa chini hana kitambaa, amwendee. Jambo likipita, kila mtu aanue." Nyumba yenye kitambaa ilikuwa nyumba iliyoambiwa. Nyumba isiyo nacho, jirani aliyepita alibisha hodi. Tangu hapo hakuna mzazi wa Irindi aliyesema hakujua.

Kitambaa cha mwisho Nakiete alichokitundika kilikuwa cha njano, kwa ajili ya kikao cha wazazi. Kikao kilipofanyika yeye alikuwa amelazwa. Waliporudi kutoka kumzika, kamba za majirani zilikuwa tupu, ila yake.

Semvua alitoka kila asubuhi akiwa na nia ya kukianua. Alisimama mbele ya kamba, akavitazama vibanio viwili vya mbao, kisha akakumbuka kazi nyingine. Vibanio vile alivibana mkewe. Majirani waliona, wakanyamaza. Nani amwambie mfiwa kwamba nguo ya mke wake imekaa nje mno?

Shule ikafunga kwa mapumziko mafupi. Siku ya kufungua ilipangwa kuwa siku ya michezo kwa madarasa ya juu, la tano hadi la saba, na watoto waliambiwa wasipitie shuleni, waende moja kwa moja uwanja wa chini. Uwanja huo uko chini ya ndiva. Wiki nzima mvua ikanyesha, si kubwa, ila haikupumzika.

Jumapili baada ya ibada Kajiru alipanda kwenye ndiva. Alilala kifudifudi kwenye ukuta, akakaa hivyo mpaka waliomwona wakadhani amelewa. Aliposhuka, shavu moja lilikuwa na matope, na alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Mfinanga, mkuu wa shule.

"Mwalimu, maji yameingia ndani ya ukuta."

"Mengi?"

"Yanazungumza. Jana yalikuwa yananong'ona."

Mwalimu hakubishana. Michezo ikahamishiwa uwanja wa kanisa, na ikatolewa habari kwamba mtoto yeyote asikanyage uwanja wa chini. Nietiwe alikuwa wa kwanza kutundika kitambaa, kisha jirani yake, kisha jirani wa jirani. Kufikia jioni mteremko ulikuwa na rangi kama siku ya harusi.

Aliyekuwa na zamu ya kumpasha Semvua habari alifika hadi kwenye mgomba ulio mbele ya nyumba. Akaona kitambaa cha njano kwenye kamba, na kwa haraka zake hakukumbuka kile cha zamani. Akasema moyoni, afadhali, ameshaambiwa, nisimsumbue. Akapita.

Asubuhi Semvua alimpigia pasi binti yake fulana ya njano ya michezo. Nakijwa alikuwa darasa la sita, mtoto wake pekee, na tangu msiba walizoea kuzungumza maneno machache.

"Nimechaguliwa kuchora mistari ya mbio," Nakijwa alisema. "Lazima niwahi kabla ya wengine."

"Utachorea nini?"

"Majivu. Nimejaza kopo."

"Uji je?"

"Nitakunywa nikirudi."

Semvua alitoka naye mpaka nje. Aliona vitambaa kwa majirani na havikumshangaza. Siku ya michezo ilikuwa imetangazwa zamani. Akamtazama mtoto akishuka, kopo la majivu kichwani, mpaka njia ilipomficha. Kulikuwa na ukimya asioupenda. Hata vyura walikuwa wamenyamaza.

Wakati huo huko juu, Nietiwe alikuwa kizingitini na mswaki mdomoni. Alihesabu rangi kwa mazoea. Upepo wa asubuhi ulivipeperusha vitambaa vyote, isipokuwa kimoja. Cha Semvua kilikuwa kimejisokota kwenye kamba, kimeng'ang'ania, kama kitu kilichokaa nje muda mrefu. Nietiwe alitoa mswaki mdomoni. Jicho likashuka kutoka kwenye kamba hadi njiani, kutoka njiani hadi uwanjani. Kule chini, palipokuwa na kijani kitupu, mstari mweupe ulikuwa unarefuka polepole, na mbele ya mstari kitone cha njano.

Alikimbia mpaka kanisani, ambako wazazi walikuwa wanapanga viti.

"Kile kitambaa cha kwa Semvua si cha jana," alisema. "Ni cha kikao. Hakijaanuliwa tangu afe Nakiete. Na mtoto yuko chini."

Wanaume wawili walianza kukimbia kushuka. Kila mmoja pale alijua hawatafika.

Mama Sifaeli alipanda kwenye jiwe la kengele. Akavuta pumzi, akaita: "Ondoka! Ndiva inapasuka, ondoka!"

Semvua alikuwa anafunga kamba za viatu uani pake sauti ilipopita juu ya paa. Alisikia sauti, maneno hakuyapata. Bonde lilikuwa limeyala. Akainua macho kanisani. Aliwaona watu wamesimama safu nzima, wote wamegeukia chini, na hakuna aliyesogea. Watu wanaotazama michezo hawasimami hivyo. Ndipo alipogeuka akakiona kitambaa, na akaelewa kila kitu kwa mara moja.

Uwanjani Nakijwa aliinua kichwa. Naye hakupata maneno. Alidhani wanamshangilia kwa mistari yake, akawapungia mkono, akaendelea kumwaga majivu.

Mama Sifaeli alinyamaza. Waliokuwa karibu naye wanasema alifumba macho. Kisha akaita tena, na safari hii hakuita kwa sauti yake. Aliita kwa mwito ambao mteremko wote uliujua, ule uliopanda mwanzoni na kuanguka mwishoni, uliosikika kila asubuhi kwa miaka mingi kutoka nyumba ya Semvua:

"Nakijwaaa! Uji unapoa!"

Semvua alishika nguzo ya kamba.

Nakijwa alidondosha kopo. Hakuuliza, hakutazama pembeni. Alipanda mteremko mbio kama mtoto anayeitwa na mama yake, na alikuwa amefika kwenye migomba ya kwanza ukuta wa ndiva ulipofunguka nyuma yake. Maji hayakupiga kelele nyingi. Yalipita tu. Yalipomalizika, hapakuwa na uwanja, wala magoli, wala mistari.

Semvua alimkuta njiani, akamshika kwa mikono yote miwili. Watu walikusanyika. Alijaribu kusema asante na neno halikutosha. Basi akasema mbele ya wote:

"Nyumbani nina kitu kimoja chenye thamani. Aliyenirudishia mtoto huyu, cherehani ya Nakiete ni yake."

Laiti angeishia kwenye asante.

Siku iliyofuata alikuja Mama Sifaeli, kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu na hakuhitaji mwaliko. "Shemeji," alisema, "sikuja kudai. Nimekuja kuitazama tu." Akapitisha kiganja juu ya gurudumu. "Waliosikia walisikia, walioona waliona, lakini mtoto alikuwa bado kule kule. Aliyemtoa ni nani? Na ile sauti niliyoitoa, shemeji, imeniumiza mahali ambapo sitapona."

Alikuwa hajaondoka Nietiwe alipobisha hodi. "Baba Nakijwa, ukuta ungejulikana ni mbovu na mtoto wako angekufa vilevile, kwa kuwa kila mtu aliamini ameambiwa. Mama Sifaeli, sauti unayo, sikatai. Ungemwita nani kama nisingekuonyesha?"

"Ningemwita mbuzi wangu," Mama Sifaeli alijibu, "kama kawaida."

Kajiru alikuja mwisho, akakaa kwenye ngazi bila kukaribishwa. "Mimi hata uzi sindanoni siwezi kuutia. Lakini haki ni haki. Bila sikio hili, siku ya michezo ingefanyika palepale. Msingekuwa mnatafuta mtoto mmoja. Mngekuwa mnatafuta madarasa matatu."

"Basi wakushonee kofia ya masikio," Nietiwe alisema.

Walicheka siku ile. Ilikuwa mara ya mwisho.

Semvua hakutoa jibu. Wiki zikapita, na jinsi alivyochelewa ndivyo watatu hao walivyoacha kusalimiana. Mama Sifaeli alihama kiti chake kanisani ili asimwone Nietiwe. Nietiwe, akiona nyumba isiyo na kitambaa, alisema si kazi yake kumwita mtu. Mwenye sauti yupo. Habari ya chanjo ilifika nusu ya kijiji. Habari ya mtihani wa majaribio ilifika nyumba za juu tu, na watoto wa chini walikuta mlango umefungwa. Utaratibu wa Nakiete ulikuwa unafumuka mshono mmoja baada ya mwingine, naye hayupo wa kuurudia.

Sasa mahafali ya darasa la saba yamekaribia. Madarasa yote ya juu yatakuwepo, na Nakijwa ndiye atakayesoma risala ya wanaobaki. Mvua imeanza tena, ileile isiyo kubwa. Juu ya shule iko ndiva ya pili, ndogo, na jana Kajiru alionekana akishuka kutoka huko na tope shavuni. Mwalimu Mfinanga alimfuata mpaka mlangoni.

"Kajiru, nihamishe mahafali au nisihamishe?"

"Mimi ni sikio tu, Mwalimu," Kajiru alisema, akiosha uso. "Nenda kaulize jicho. Ukitoka huko ukaulize sauti."

"Hii si mizaha."

"Hata ile siku haikuwa mizaha. Semvua aseme kwanza nani aliyefanya kazi."

Mwalimu alikwenda kwa Semvua. Alimkuta ameketi chumbani na cherehani, mtoto akijisomea risala kwa sauti ya chini upande wa pili wa ukuta. Alimweleza yote, kisha akasema, "Chagua leo. Ukimpa mmoja, wawili watanuna, lakini angalau tutajua tunasimama wapi."

"Na wakinuna wawili," Semvua aliuliza, "ni kipi tutakachokikosa? Sikio, jicho au sauti?"



Nakijwa alitokea mlangoni akiwa ameshika karatasi yake. "Baba, kuna mtu hajatajwa. Vitambaa vilikuwa vya mama. Na ile sauti nilidhani ni yake. Kama ni mama aliyeniita, cherehani iende kwa nani?"

Semvua aliinuka. Kisha akanyanyua cherehani, akaitoa nje, akaiweka chini ya kamba, kwenye manyunyu. Akafunika gurudumu kwa shati lake. Akasimama mbele ya vibanio viwili vya mbao. Kimoja kilifunguka upesi. Cha pili kilikuwa kimevimba kwa unyevu na ilibidi akizungushe taratibu. Akakikunja kitambaa cha njano mara nne, akakitia mfukoni.

Kamba ikabaki tupu. Yeyote anayetazama mteremko ule sasa ataona nyumba moja isiyo na kitambaa, nyumba ambayo haijaambiwa, na mbele yake mtu ameketi kando ya cherehani. Huko juu mlango wa Nietiwe uko wazi. Kwa Mama Sifaeli mbuzi hawajaitwa. Kajiru amesimama njiani, kichwa amekiinamisha upande, anasikiliza kitu.

Mtu wa kwanza kubisha hodi atamkuta Semvua akingoja, na atalazimika kusikia jibu lake.

Basi nyinyi mliosikiliza mpaka hapa, semeni, lakini semeni upesi, maana mvua haitusubiri. Aliyesikia hatari, aliyeona kosa, aliyeita kwa sauti isiyo yake, na yule aliyelala kaburini ambaye utaratibu ulikuwa wake: ungekuwa wewe ndiye Semvua, ungemkabidhi nani cherehani?