Mama Mmoja, Kaunti Tatu

Sogeeni karibu, na mwenye kusinzia afinywe na jirani yake, maana mwishoni nitawauliza nyinyi.

Kwenye kilima kimoja cha Murang'a aliishi Mama Nyakio, mjane mwenye watoto watatu na shamba dogo kama leso. Watoto walipokua, shamba halikuwatosha, wakahama. Gakere alikwenda Kajiado kuchimba visima, akaujua udongo kuliko anavyowajua wanawe. Wamaitha aliolewa Laikipia, akawa bingwa wa ng'ombe. Muringi alikwenda Kirinyaga kubeba magunia ya mchele, akapata mgongo usiochoka. Mama akabaki na ng'ombe wake, Karembo.

Pasaka moja Gakere alikuja kumsalimu. Nyuma ya jiko akaona ufa ardhini. Akatia mkono, ukazama hadi kiwiko.

"Mama, mvua ikikolea, kilima hiki kitashuka."

"Kishuke kiende wapi? Nilikikuta hapa nikiwa bibi arusi."

Gakere akawapigia simu nduguze. Mvua nayo ikakolea.

Wamaitha alifika asubuhi. Hakubembeleza, maana anamjua mamake. Alimfungua Karembo tu, akaanza kuteremka naye. Mama akachomoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe Wamaitha! Unampeleka wapi ng'ombe wangu?" Akawafuata akigomba mpaka mtoni, na hapo magoti yakakataa kabisa.

Mto ulikuwa umefurika. Muringi, aliyekuwa akingoja hapo pamoja na Gakere, akainama. "Panda, Mama."

"Mimi ndiye niliyekubeba wewe!"

"Basi leo ni zamu yangu."

Akavuka naye, maji yakimfika kifuani, huku Gakere na Wamaitha wakimvuta Karembo nyuma yao.

Adhuhuri kilima kikashuka. Nyumba, zizi, jiko, vyote vikaenda. Wote wanne walilia, kisha wakacheka, kwa kuwa mama bado alikuwa ameshika mwiko wake.

Ugomvi ukaanza hapo. "Mama ni wangu," alisema Gakere. "Bila mimi, nani angejua?" Wamaitha akadakia, "Ungejua, halafu? Angekufa akikubishia!" Muringi akasema polepole, "Na mto je, angeuruka?" Kajiado kuna chumba kipya chenye dirisha la mashariki. Laikipia kuna malisho ya Karembo. Kirinyaga wajukuu wameshaambiwa nyanya anakuja, nao wanakataa kula mpaka afike.

Mama akawatazama watatu hao, akawapenda sawasawa, na hilo ndilo lililomtesa. "Nitahama mara moja tu," alisema. "Sina magoti ya kuhama tena. Atakayenichukua ndiye atakayenizika."

Lori la kumhamisha limeshafika, Karembo amepakiwa, mama ameketi mbele na mwiko wake mapajani. Dereva anauliza tunaelekea wapi.

Je, wewe ungemwambia aelekee kaunti gani?