Makofi ya Jumapili

Makofi hayabishi hodi. Mmemsikia mama mmoja akiisema methali hiyo mlangoni mwa kanisa, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Haikutoka mbali, wajukuu zangu. Ilizaliwa ndani ya kanisa hili hili, kwa aibu yetu wenyewe, na ilianza hivi.

Mashamba ya chai yalipofunguliwa huku Ubena, walikuja watu kutoka Unyamwezi kutafuta kazi. Miongoni mwao alikuwa Nyamizi, mke wa mchuma chai mmoja. Mumewe alilala kambini, naye Nyamizi alipanga nyumba kando ya kijito pamoja na mama mkwe wake, bikizee ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Bikizee alitaka jambo moja tu kabla ya kufa: ajulikane na watu wa kanisa. "Nisizikwe kama mzigo ulioanguka njiani," alisema.

Basi Nyamizi akaenda kanisani. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa, Mzee Mgaya, akatangaza kwa sauti yake nene, "Wageni wasimame tuwaone!" Nyamizi akasimama. Kanisa zima likampigia makofi, pa, pa, pa! "Karibu sana, mama mgeni. Jumuiya itakuja kukutembelea leo."

Alikimbia nyumbani. Akafagia ua, akachemsha viazi na maharage, akaazima benchi. Bikizee akavalishwa kitenge safi, akaketishwa akitazama mlango. Jua likazama, wakala wenyewe.

Jumapili iliyofuata, "Wageni wasimame!" Nani amjuaye? Hakuna. Akasimama tena, akapigiwa makofi tena, akaahidiwa tena. Akafagia tena. Hivyo hivyo, Jumapili baada ya Jumapili! Mnajua kwa nini hawakwenda? Jumuiya ya Mlimani walisema nyumba ile ni ya Bondeni, kwa sababu iko chini. Jumuiya ya Bondeni wakasema ni ya Mlimani, kwa sababu iko ng'ambo ya kijito. Watu waliohubiri habari za Msamaria wakashindwa kuvuka maji yasiyofika magotini!

Ikafika Jumapili ambayo bikizee hakuweza hata kuketi. "Nenda," alimwambia mkwewe. "Wakija nikiwa nimekufa, watasema wanamzika nani?"

Nyamizi akaenda. Mzee Mgaya akatangaza kama kawaida yake. Nyamizi hakuinuka.

"Mama mgeni, simama basi tukukaribishe."

"Mlishanikaribisha, baba."

"Lini tena?"

"Mlipokuwa mnapanda mahindi. Mkanikaribisha mlipopalilia. Sasa mnavuna, na mimi bado mgeni?"

Watu wakacheka. Mzee Mgaya hakucheka. "Huo ndio utaratibu wetu. Au hukupigiwa makofi?"

"Nimepigiwa mpaka masikio yamechoka. Lakini mama mkwe wangu anangoja mlangoni kila Jumapili, na leo ameshindwa hata kuketi. Makofi yenu, baba, hayabishi hodi."

"Nyumba ile si ya Mlimani?" mama mmoja akauliza.

"Ya kwenu Bondeni hiyo! Msitusingizie!"

Wakaanza kubishana palepale, mbele ya madhabahu. Mchungaji akashuka, akasimama mbele ya yule mwanamke. "Mama, jina lako nani?"

Sikieni hilo, wajukuu zangu. Msimu mzima wa mahindi, na ndiyo kwanza anaulizwa jina!

"Nyamizi."

"Na mama mkwe wako?"

"Nendeni mkamwulize mwenyewe."

Ibada ikaishia hapo. Wakateremka wote. Walipofika uani, kwaya ikataka kuanza wimbo, mikono tayari imeinuliwa kupiga makofi. Nyamizi akasimama mlangoni. "Hapa hapana. Hapa mnabisha hodi."

Mzee Mgaya akasogea mlangoni. "Hodi!"

"Karibu," sauti ikajibu kutoka ndani, dhaifu lakini kali. "Nani?"

"Ni kanisa, mama."

"Kanisa ni watu. Wewe nani?"

"Lutengano Mgaya."

"Kumbe una jina! Na mimi ninalo. Naitwa Kabula binti Masanja. Ndio nyinyi mnaopiga makofi kule juu? Kwetu makofi ya namna hiyo ni ya kufukuza ndege kwenye mtama. Nikadhani mnatufukuza."

Mzee Mgaya akaingia ameinamisha kichwa, akaketi chini, ingawa benchi lilikuwepo.

"Viazi vya asubuhi vimepoa," bikizee akasema. "Mtakula hivyo hivyo."

Wakala. Kabula binti Masanja aliishi wiki chache tu baada ya siku ile. Siku ya mazishi yake, watu wa Mlimani na wa Bondeni walibeba jeneza pamoja, na kila mmoja aliyetupa udongo alimwita kwa jina lake. Angalau hilo alilipata. Lakini zile Jumapili alizokaa akitazama mlango, nani atamrudishia?

Na nyinyi wajukuu zangu, kwaya yenye sare mpya! Leo mmempigia makofi yule fundi cherehani mgeni na mkewe, mpaka paa likatetemeka. Haya, niambieni: fundi yule anaitwa nani? Amepanga nyumba gani?

Mbona mmenyamaza?

Makofi hayabishi hodi.