Kwato Zilizomtangulia Badawi

Paukwa!

Pakawa!

*Sikizeni kwa makini, msisinzie watoto,*
*Kuna mlio njiani, wa kwato zilo na moto.*

Hapo zamani za kale, katika nchi ya juu ambako mawingu hulala chini na wenye miguu hupita ndani yake, palikuwa na msafara wa chumvi. Punda walibeba, farasi walibeba. Mbele yao wote alitembea Badawi, farasi mzee, kirangozi wa msafara.

Nchi ile ilikuwa na ukungu, na ukungu ule ulikuwa na zimwi. Zimwi halikuonekana. Liliiga sauti tu. Liliita kwa sauti ya mama, mtoto akageuka, mtoto akapotea. Liliita kwa sauti ya rafiki, rafiki akaitika, rafiki akapotea. Basi msafara ukajiwekea mwiko: ndani ya ukungu haitikiwi sauti, hufuatwa kwato za kirangozi. Sauti huigwa, kwato haziigwi.

Ko-ko, ko-ko, Badawi akatangulia. Ko-ko, ko-ko, wote wakafuata. Tangu ujana wake hadi mvi za paji la uso, hakupoteza hata mwanapunda.

Masika moja aliteleza mteremkoni. Akainuka, akajikung'uta, akaendelea. Lakini tangu siku ile mguu wake wa mbele wa kulia ulibadilika. Asubuhi ulikataa kukunjuka. Adhuhuri uliwaka. Jioni ulikufa ganzi. Badawi akanyamaza, kwa maana nyuma yake alitembea Shihiri, farasi kijana mwenye shingo ndefu na manyoya yanayong'aa, na punda wenye mizaha walikwisha kusema kwamba kijana anakinyemelea kiti cha mzee. Badawi alicheka pamoja nao. Moyoni hakucheka. Alijiuliza: kirangozi asiyetangulia ni nani? Akajijibu: ni mzigo juu ya mizigo.

Bi Kihongwe, punda jike aliyezeeka naye katika njia moja, aliona. Alimwona akiuchagulia mguu ule mahali laini pa kukanyaga. Akamkalia kitako, akamweleza kwamba viatu vyake vya chuma sasa havimfai: kisigino kirefushwe, ncha ipunguzwe, chuma kiwe chepesi, na chini yake pawekwe kipande cha ngozi. Ila maneno hayo, akasema, lazima fundi ayasikie kwa mwenye mguu.

Badawi akajibu kwamba fundi ni fundi, atajionea mwenyewe.

"Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake," akasema Bi Kihongwe. "Na fundi, kaka yangu, hajalala ndani ya goti lako."

Siku ya kubadilisha viatu ikafika. Msafara wote ukaenda kwa Fundi Kakakuona.

Fundi Kakakuona aliishi ndani ya kichuguu kilichokufa. Nje lilikuwa jua la utosi; ndani, mchana haukuwahi kuingia. Palikuwa na moto mdogo, na juu ya kila gamba la mgongo wake palikuwa na moto mwingine mdogo, ukitazama. Yeye mwenyewe hakutazama. Aliwapa wateja mgongo, akavuta mivuo ya kupulizia moto, vuu, vuu, akaimba taratibu:

*Nambie penye uchungu, nipate fua kwa haki,*
*Usinifiche mwenzangu, chuma hila hakitaki.*

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya karakana ile. Mteja husimama mbele ya moto, akataja kwa kinywa chake mguu unaomuuma na jinsi unavyomuuma. Hapo ndipo chuma hutiwa motoni. Kwa sababu chuma cha Kakakuona kilikuwa na masikio. Lililosemwa mbele yake, ndivyo kilivyokuwa.

Badawi akasimama mbele ya moto. Mlangoni wakajipanga wenzake, na wa kwanza wao alikuwa Shihiri.

Fundi akamvua viatu vya zamani. Akakipapasa kile cha mbele cha kulia kwa kucha zake ndefu.

"Kiatu hiki kimelika upande mmoja, mzee wangu," akasema bila kugeuka. "Kuna nini?"

"Njia yetu ina mawe, fundi."

Vuu, vuu.

"Na ncha yake imeburuzwa. Kuna nini?"

Badawi akatupa jicho mlangoni. Masikio ya Shihiri yalikuwa wima. Akasema ni uvivu wa asubuhi tu, hauna neno.

Vuu, vuu.

"Basi nitajie mguu unaouma."

"Hapana unaouma. Nifulie kama ulivyonifulia ujanani."

Moto ukalala ghafla, kana kwamba kuna aliyevuta pumzi upande wake wa pili. Bi Kihongwe akafungua kinywa. Fundi akainua ukucha mmoja, na Bi Kihongwe akakifunga, kwani hapo mahali mtu hatajiwi mguu wake na mwingine. Chuma kikaingia motoni. Kikatoka chekundu. Kang, kang, kang. Na katika kila pigo Badawi alisikia kitu kama mlio wa farasi akipita mbali, akienda mbio.

Akavishwa. Akapiga hatua. Hakuhisi maumivu. Akapiga ya pili. Hakuhisi mguu. Wenzake wakamsifu, hata Shihiri aliinamisha kichwa na kumwambia kwamba babu amezaliwa upya. Bi Kihongwe alikuwa ametega sikio chini, kwenye udongo.

Msafara ukatoka. Ko-ko, ko-ko. Mlio wa Badawi ulikuwa mkali na mwepesi, mlio wa farasi kijana. Alifurahi hadi akapandisha mkia. Kisha akaona jambo.

Aliinua mguu juu ya jiwe. Kabla mguu haujashuka, jiwe lililia: ko.

Akajiambia ni mwangwi. Akaendelea. Lakini mwangwi hufuata sauti, na huu ulitangulia. Mwanzo ulitangulia kwa upana wa ukwato. Halafu kwa urefu wa shingo. Walipofika kwenye majani yenye umande, Badawi aliinama akaona alama za kwato zimekwisha kukanyagwa mbele yake, mbichi, za ukubwa wa kwato zake. Mbele zaidi kware waliruka kwa hofu, wakampisha ambaye hakuwapo.

Akasimama.

Ko-ko, ko-ko. Mlio haukusimama.

Akakanyaga jiwe kwa nguvu zake zote. Jiwe halikutoa sauti. Kwato zake mwenyewe zilikuwa bubu kama pamba.

Na hapo ukungu ukashuka.

Ulishuka kama unavyoshuka nchi ile, bila salamu. Badawi hakuiona pua yake. Mlio ulikuwa mbali mbele, ukienda mbio bila kuchoka. Nyuma yake msafara ukafanya ulivyofunzwa: ukafunga vinywa, ukafuata kwato. Walimpita. Alihisi magunia ya chumvi yakimgusa ubavu, alisikia punda wakihema, watoto wao wakihema. Hakuna aliyejua kwamba amempita kirangozi wake. Shihiri alikuwa wa kwanza kupita, akikimbia ili asiupoteze mlio.

Badawi aliijua njia ile kama ulimi unavyoyajua meno. Mbele kidogo njia hukata kushoto, kwa sababu kulia pana genge, na chini ya genge hapana kitu kinachosikika hata ukitupa jiwe. Alisikiliza. Ko-ko, ko-ko. Mlio haukukata kushoto. Ulikwenda kulia, moja kwa moja, juu ya utupu, kana kwamba utupu una mawe.

Akaita. Akawaambia wasimame, wanakwenda gengeni.

Hakuna aliyesimama. Katika ukungu mule akasikia mama punda akimnong'oneza mwanawe aliyekuwa akigeuza shingo. "Usiitike, mwanangu. Zimwi hilo. Babu yuko mbele. Husikii kwato zake?"

Akaita tena, akawaapia kwamba yeye ndiye Badawi, kirangozi wao, aliyewavusha miaka yote. Wakaongeza mwendo. Na kweli, zimwi gani lisilosema hivyo? Zimwi hujisifu. Zimwi hujitaja jina.

Hapo Badawi akatambua kwamba hana neno la kuwaokoa ila moja, na neno hilo alikuwa amelimeza mbele ya moto. Akaona aibu ikimjia kama maji ya baridi. Akawasikia watoto wanavyohema. Akasema.

"Ninachechemea. Mguu wa mbele wa kulia. Asubuhi haukunjuki, nauburuza. Kiatu kililika kwa sababu hiyo. Nilimdanganya fundi, kwa sababu Shihiri alikuwa mlangoni, nami nilimwogopa. Huo mlio mbele si wangu. Mimi ni mzee."

Mama punda akasimama. Zimwi huiga kila kitu, lakini halijawahi kujiumbua. Mbele yake akasimama mwingine, na mwingine, na habari ikapita kwa kugusana mabega, hadi ikamfikia Shihiri, naye ameinua mguu mmoja na chini ya mguu ule hapakuwa na nchi. Akaurudisha polepole. Kokoto moja ikadondoka. Walisikiliza ianguke. Hawakusikia kitu.

Na chuma, chenye masikio, kilikuwa kimesikia pia. Maumivu yakarudi yote kwa pamoja. Badawi akaanguka kwa magoti, akalia, na magoti yake yakagonga jiwe kwa sauti nzito. Ilikuwa sauti yake. Bi Kihongwe akaifuata gizani mwa ukungu mpaka akamgusa kwa pua.

"Umechelewa kusema, kaka," akamwambia. "Lakini hukuchelewa sana."

Ukungu ulipoinuka walirudi kwa Fundi Kakakuona. Badawi akasimama mbele ya moto, na mlangoni wakajipanga wale wale. Hakutazama mlangoni. Akataja mguu, akataja goti, akataja asubuhi na adhuhuri na jioni. Akaomba kisigino kirefu, ncha fupi, chuma chepesi na ngozi chini yake. Alipofikiri amemaliza, fundi alikuwa bado hajatia chuma motoni, na Badawi akaongeza lile alilokuwa amebakiza: kwamba mteremko wa mawe hauwezi tena.

Kwa mara ya kwanza Fundi Kakakuona akageuka. Macho yake yalikuwa madogo na ya upole.

"Sasa naweza kufua," akasema.

Alimvua vile viatu vya uongo. Alivivua vinne, lakini havikuwa na uzito, kama maganda ya wadudu waliokwisha kuruka. Badawi akauliza mlio wake uko wapi. Fundi akamjibu kwamba ulikwenda ulikotumwa.

Tangu hapo Shihiri alitangulia, na Badawi alitembea ubavuni pake kwa mwendo wa taratibu, akimwambia pa kugeukia. Msafara ulichelewa kufika. Ulifika wote. Na siku za ukungu mkubwa, ko-ko, ko-ko, hupita mbele yao farasi kijana asiyeonekana, mwepesi, asiyechoka. Wao husimama, wakashusha vichwa, wakamwacha apite.

Ndiyo maana hata leo farasi mzee akifikishwa kwa mhunzi, mguu anaouinua kwanza ni ule unaomuuma.

Nanyi wakubwa, nanyi wadogo, funzo ni hili: mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie fundi ukweli wa mguu wako, maana ukimficha atakufulia mguu wa mwingine, na njia ya huyo mwingine ndiyo utakayokwenda.

Hadithi yangu imeishia hapo, miguu imetulia. Iliyobaki ni ya ukungu.