Moto Ambao Haukuamriwa

Wapendwa, palikuwa na arusi kijijini, na mwanamke mmoja mjane akapewa kazi ya kuosha vyombo. Akaipokea kwa moyo wote, maana ni mara chache watu walimkumbuka. Sahani za pilau zikamjia milima kwa milima, zinateleza mafuta. Akachota maji kwenye pipa lililokuwa mekoni: baridi ya kisimani!

Desturi ya pale, moto wa pipa hauguswi mpaka mama mkuu wa jiko atamke. Na siku hiyo mama huyo alikuwa amenuna. Kanga za sare ziligawiwa, yeye akasahauliwa.

"Mama, tuamrie moto basi. Mafuta hayatoki."

"Kawaulize waliovaa sare. Mimi ni nani hapa?"

Kuni zipo. Wachochea moto wapo, wamekaa wanapiga soga. Neno tu ndilo halikutoka! Mjane akasugua kwa mchanga mpaka vidole vikachubuka. Jioni wageni wakashikwa na matumbo. Je, walimwendea nani?

"Mchafu wewe! Ndiyo maana mumeo aliona afadhali kaburi!"

Wakamfukuza mbele ya wanawe. Baadaye baba wa bibi arusi akainama kutazama chini ya pipa. Majivu ya jana. Akaelewa yote. Unadhani alimfuata yule mjane? Thubutu! Alisema, "Yameisha hayo, tusiharibu shughuli," akarudi ngomani.

Mmekasirika? Ngojeni kwanza.

Wataalamu wanatufundisha kwamba figo ndizo zinazoiosha damu, na kazi hiyo inakula nguvu nyingi. Ndani ya kila chembe ya figo mna meko madogo ya kutengeneza nguvu hiyo, na zipo jeni zinazotoa amri: chochea, punguza. Si kila ugonjwa wa figo huanzia hapo, lakini mara nyingine amri hufifia, meko yanapoa na kuni zipo, figo zinaelemewa mpaka zinaharibika.

Nasi tunakwenda kwa dada yetu aliyevimba miguu kwa ugonjwa huo wa figo, tunakaa kwenye kiti chake, tunamuuliza, "Ulikuwa unakunywa nini? Umemkosea nani?" Nani alitupa uhakimu huo? Nasema sisi, na mimi mchungaji wenu nimo. Daktari akishatueleza kwamba si kosa lake, tunainamisha macho, tunasema yameisha.

Hayajaisha! Jumapili ya ngapi hii hayupo kanisani, na sisi tunaimba tu? Ibada ikimalizika, asiende mtu kula. Twendeni kwake tukamwombe radhi.