Huruma Nyingi za Bwana Kiboko

Masikio mnayo?
Tunayo!
Ya kusikia au ya kuning'inizia hereni?
Ya kusikia!
Haya, yategeni.

Bwawa lilikuwa la Kiboko, na miwa ya ukingoni pia. Wachimbaji walikuwa Ngiri, Fuko na Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye akili nyingi. Walichimba tope, chwa! chwa! chwa! Kupumzika? Marufuku. Maji ya kunywa? "Yangu!" akanguruma Kiboko.

Siku moja jua la utosini likamwangusha Fuko. Pu!

"Mvuteni pembeni," Kiboko akasema, "ananizibia njia."

Roho ikamchoma Nguchiro. Akatupa jembe. Ngiri akatupa. Fuko alipozinduka, naye akatupa. Wakagoma siku saba. Tope likajaa, maji yakapungua, mgongo wa Kiboko ukapasuka kwa jua, pa! Siku ya nane akasalimu amri: pumziko kila adhuhuri, na maji kwa wote.

Masika yakaja, bwawa likafurika. Kiboko akashiba, akasahau. Pumziko akalifuta, maji akayafungia.

Kisha akafanya karamu, akawaalika Tembo, Nyati na Twiga kutoka mbali. Kasuku, msimulizi wake, akapanda juu ya kichuguu:

"Hapa hapajawahi kuwa na mgomo! Bwana Kiboko alitoa pumziko na maji kwa huruma yake!"

"Mwo..." Ngiri akaanza. Nguchiro akamkanyaga mguu, kwaa! Mwenyewe akapiga kigelegele.

"Kweli tupu! Hatukugoma! Alisema, 'Pumzikeni adhuhuri, leo na daima.' Sivyo, bwana?"

Wageni wakamgeukia Kiboko. Akikana, Kasuku ni mwongo.

"Ni... nilisema."

"Na maji tunywe tushibe?"

"Nilisema."

"Na tuoge humu humu bwawani?"

Kiboko macho yakamtoka. "Hilo nili..."

"Huruma iliyoje!" Tembo akabubujikwa na machozi.

"Nilisema," akanong'ona Kiboko.

"Na miwa yako tutafune?"

"Nilisema! Nilisema! Basi!"

Nguchiro akatazama juu. "Mbona ndiyo adhuhuri hii?"

Chubwi! Ngiri. Chubwi! Fuko. Chubwi! Nguchiro, muwa mdomoni. Wageni wakapiga makofi, wakaahidi kuja kila mwezi kuitazama huruma ile. Na wakaja. Kila mwezi Kiboko akakaa ukingoni, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma.

Hadithi nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda amtwike jirani.

Na funzo lake, wanangu, kama asemavyo Kasuku: msigome kamwe. Kaeni mngojee huruma, huja yenyewe.